Bibi aliwapa rubisi (pombe ya ndizi) askari wa Amin 1978, mpaka leo anaitwa kibaraka. Nyie mnaonaje?

Mjukuu wa Missenyi:

Wakuu habari za jioni. Naomba wajuzi wa historia mnisaidie maana hili jambo limeugawa ukoo wetu, juzi kwenye msiba wa babu mdogo nusura watu wakunjane mashati mbele ya jeneza.

Bibi yangu mzaa baba ni mtu wa ng'ambo ya mto Kagera, lile eneo ambalo jeshi la nduli Idi Amin wa Uganda liliingia tarehe 30 Oktoba 1978. Wengi walivuka mto wakakimbia, halafu tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa, basi aliyebaki huko ndo amebaki. Bibi alibaki. Alikuwa na mimba kubwa ya shangazi yangu na babu hakuwepo, alikuwa kwenye vibarua Mwanza.

Askari wakawa wanapita mji kwa mji, ng'ombe wanaswagwa kuelekea Uganda, mabati yanang'olewa, kiwanda cha sukari kimekombwa, watu wanauawa, mabinti wanabebwa. Walipofika kwa bibi, yeye Kiganda anakijua vizuri kwa sababu alikulia kwa shangazi yake Masaka, akawakaribisha kwa adabu zote, akawatandikia mkeka, akawatolea rubisi kwenye kibuyu. Wakanywa wakaondoka. Kesho wakarudi. Wakazoea, kila jioni wapo, mbuzi wake mmoja wakamchinja na yeye ndo akawapikia.

Sasa nyuma ya nyumba kwenye kibanja kuna lile shimo la kuivishia ndizi za pombe, wahaya wenzangu mnalijua. Ndani yake walikuwemo vijana wawili wa jirani na binti wa miaka 14. Juu kafunika majani ya mgomba na udongo kama kawaida ya mtu anayevundika ndizi, na ndizi chache kweli kaziweka ili harufu iwepo. Chakula anawapelekea usiku na ndoo ya maganda, mtu akimuona anamwaga maganda. Walikaa humo siku zaidi ya kumi, wanatoka usiku kujisaidia na kunyoosha miguu, mpaka jeshi letu lilipovuka mto kurudi mwezi huohuo wa Novemba.

Majirani waliporudi walikuta nyumba zao zimebaki kuta, ya bibi ina mabati yote. Hapo ndo kesi ilipoanzia. Aliitwa mke wa nduli, kisimani wanawake wanampisha. Wale vijana walijaribu kumtetea lakini mmoja alifariki mapema na mwingine alihama, binti aliolewa mbali. Juzi msibani mzee mmoja karudia maneno yaleyale, bibi kakaa kimya tu anachambua mchele.

Swali langu, huko kwenye nchi zingine zilizotekwa na majeshi ya kigeni, raia wa kawaida asiye na bunduki alifanyaje? Kupinga maana yake ni lazima ugome hadharani? Nawasilisha.

Kinyozi255:

Ngoja waje. Ila mabati YOTE mkuu? Mmh. Natania, usinitukane, mpe bibi shikamoo yangu.

Mwl Chaki Nyeupe:

Mleta mada umenigusa kwenye mshono, nimefundisha Historia miaka 31 na kisa ninachokipenda kuliko vyote hakimo kwenye silabasi yetu, ni cha walimu wenzangu wa Norwe.

Wajerumani waliivamia Norwe tarehe 9 Aprili 1940. Mfalme Haakon wa saba akakimbilia Uingereza na serikali yake. Mwanzoni watu walifanya vitu vidogo vidogo, wanafunzi wanabana klipu za karatasi kwenye kola za koti maana klipu inashikanisha, yaani tumeshikana. Ikapigwa marufuku. Wakaanza kuvaa kofia nyekundu za sufi, nazo Februari 1942 zikapigwa marufuku, hebu fikiria jeshi lenye vifaru linahangaika na kofia za watoto.

Sasa kulikuwa na jamaa anaitwa Vidkun Quisling, mnorwe wao wenyewe, Wajerumani wakamfanya waziri mkuu tarehe 1 Februari 1942. Hazikupita siku 5 akatoa sheria mbili. Moja, walimu wote wajiunge na chama kipya cha walimu cha serikali. Mbili, watoto wote wa miaka 10 hadi 18 waingie umoja wa vijana wa chama chake. Sisi tuliokulia enzi za chama kimoja tunaelewa sheria ya namna hiyo inanukia nini ila niishie hapo.

Walimu wakafanya hivi. Kikundi kidogo Oslo kikaandika sentensi chache tu, kwamba siwezi kushiriki kuwalea watoto kwa mwelekeo huo kwa kuwa dhamiri yangu inakataa na sijihesabu kuwa mwanachama. Sentensi zikasafirishwa kimyakimya nchi nzima, mdomo kwa mdomo, karatasi kwa karatasi. Maelekezo ni kwamba kila mmoja anakili neno kwa neno, anaweka jina lake na anwani yake, na wote wanaposti tarehe 20 Februari. Hakuna maandamano wala mawe. Ni bahasha na stempu. Nchi ilikuwa na walimu kama 14,000, na waliotuma barua ni kama 12,000. Nikisoma hiyo namba huwa nafikiria shule niliyofundisha mwisho, tulikuwa walimu 19, kukubaliana tarehe ya kikao tu ni ugomvi.

Serikali ikafunga shule mwezi mzima ikisingizia hakuna kuni za kupashia madarasa joto. Watu wakasema kuni tunazo tunaleta wenyewe. Wazazi nao wakaandika, barua zaidi ya 200,000 zikamiminika wizarani. Mwezi Machi wakakamatwa walimu wanaume kama 1,100, wakapelekwa kambini wakatambaa kwenye theluji mikono nyuma ya mgongo, wazee wa miaka 50 na kitu. Kila baada ya siku chache wanaulizwa, unasaini urudi nyumbani? Wachache walisaini. Wengi wakakataa. Kama 500 wakasafirishwa kwa treni za mizigo mpaka Trondheim, kisha kwa meli iitwayo Skjerstad, ndogo mno kwa idadi ile, mpaka Kirkenes kule mwisho wa dunia karibu na Urusi, wakapakua shehena za jeshi la Ujerumani pamoja na mateka wa Kisovieti. Huku nyumbani familia zao zinachangiwa kwa siri.

Mwezi Mei Quisling akaenda mwenyewe kwenye shule moja inaitwa Stabekk, akawafokea walimu: nyinyi walimu mmeniharibia kila kitu. Mwishoni mwa mwaka huohuo waliobaki Kirkenes wakarudishwa nyumbani, na ile sheria ya chama cha walimu ikabaki karatasi.

Kwa hiyo kijana, hawa waligoma waziwazi kwa jina na anwani. Bibi yako hakuwa na wenzake 12,000. Alikuwa peke yake na tumbo.

Baharia Mstaafu TZ:

Mwalimu umetisha, shikamoo. Mimi nimepiga meli miaka mingi, Copenhagen nimeingia mara tatu. Huko Denmaki mfalme wao Wajerumani walipotaka Wayahudi wavae nyota ya njano, yeye wa kwanza kuvaa akapanda farasi akapita mjini, asubuhi yake nchi nzima imevaa nyota. Hicho ndo kiongozi. Wayahudi wote wakavushwa kwa boti za wavuvi bure mpaka Swideni. Tulisimuliwa na wakala wa meli pale bandarini.

Zuhura wa Malmö:

Kaka Baharia pole, wakala alikupa chai. Mimi naishi upande wa pili wa maji hayohayo, Malmö, mwaka wa 16 sasa, na hiyo hadithi ya nyota hata Wadenmaki wenyewe wanaikanusha. Denmaki haikuwahi kutolewa amri ya nyota ya njano, kwa hiyo mfalme Christian wa kumi hakuwa na nyota ya kuvaa. Kupanda farasi kila asubuhi kweli alikuwa anapanda, bila walinzi, na watu walipenda kumuona.

Kilichotokea ni kwamba mwisho wa Septemba 1943 ulipangwa msako wa usiku mmoja wa kuwakamata Wayahudi wote. Aliyevujisha ni Mjerumani, anaitwa Georg Duckwitz, mtu wa mambo ya meli kwenye ubalozi wao (kaka Baharia, mwenzako), akawaambia wanasiasa wa Denmaki, wao wakaambia viongozi wa Wayahudi, na asubuhi ya tarehe 29 rabi Marcus Melchior akasimama kwenye sinagogi akasema leo hakuna ibada, nendeni mkajifiche na mwambie kila mnayemjua. Dereva mmoja wa ambulensi alichukua kitabu cha simu akaanza kupiga mstari kila jina la Kiyahudi, kisha akazunguka mji mzima anagonga milango ya watu asiowajua. Hospitali ya Bispebjerg waliwaingiza mamia kama wagonjwa. Wajerumani walipogonga milango usiku wa tarehe 1 Oktoba nyumba nyingi hazikuwa na mtu.

Halafu ndo boti. Zaidi ya watu 7,000 ndani ya wiki chache, kulala chini ya nyavu na makasha ya samaki. Ukisimama Helsingborg upande wetu huu, Denmaki unaiona kwa macho, pembamba kabisa pale ni kama kilomita 4, lakini usiku wa Oktoba maji yale yana baridi inayoua na boti za doria zilikuwepo. Kwa ajili ya mbwa wa kunusa walitengeneza unga wa damu iliyokaushwa na kokeini, unapakwa kwenye leso, mbwa akija kunusa damu anavutwa, kokeini inamlemaza pua.

Na BURE hapana kaka. Wavuvi wengi walitoza, na bei zilikuwa kali, mvuvi akikamatwa boti imekwenda na yeye amekwenda. Wenye uwezo walilipia wasio nacho, michango ilipitishwa kwa madaktari, kwa matajiri, kwa nani. Na si wote waliopona, kama 470 walikamatwa wakapelekwa kambi ya Theresienstadt, na pale Gilleleje watu kama 80 waliokuwa wamejificha kwenye dari ya kanisa walichongewa wakabebwa usiku mmoja.

Mimi mvuvi aliyelipwa akavusha watu kwangu ni shujaa na hela yake mfukoni. Mjukuu, mabati ya bibi yako nayahesabu hivyohivyo.

Baharia Mstaafu TZ:

Dada Zuhura nimekubali yaishe. Miaka 30 nasimulia hiyo ya farasi 😂

Nondo Kavu:

Mnasimulia vizuri lakini mnaficha kitu. Norwe na Denmaki Wanazi waliwaona ndugu zao wa damu, ndo maana mwalimu anapelekwa kupakua meli badala ya kupigwa risasi. Peleka barua hizo 12,000 Polandi uone. Mwaka 1942 wapiganaji wa Chekoslovakia walipomuua Heydrich, mtawala wa Kinazi kule kwa Wacheki, kijiji cha Lidice kilifutwa, wanaume 173 walipigwa risasi siku moja tarehe 10 Juni, wanawake wakapelekwa kambi ya Ravensbrück, nyumba zikabomolewa mpaka msingi. Polandi ukimficha Myahudi anakufa na nyumba nzima, wakatoliki humu mnawajua akina Ulma wa Markowa, baba, mke mjamzito na watoto 6, Machi 1944, Papa kawatangaza wenyeheri 2023. Kwa hiyo ujasiri wa raia unategemea adui amekuangaliaje. Amin na askari wake waliwaangaliaje watu wa Missenyi? Kama mali ya kuokota. Pale ukigoma hadharani unakufa saa hiyohiyo na watoto shimoni wanakufa. Mtu anayemlaumu huyo bibi kwa pombe, yeye alikuwa wapi? Ng'ambo ya mto.

Mwl Chaki Nyeupe:

Nondo nakubaliana nusu. Huko huko Polandi shule za sekondari na vyuo vikuu vilifungwa, na walimu wakafundisha majumbani, watoto watano watano jikoni, daftari chini ya shati, na mitihani ikatungwa. Pia Irena Sendler, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Warsaw, yeye na wenzake walitoa watoto wa Kiyahudi kwenye geto, mtaa waliofungiwa Wayahudi, majina halisi ya watoto wakayaandika kwenye vikaratasi vyembamba, yakafukiwa kwenye chupa bustanini chini ya mti wa tufaha, ili vita ikiisha mtoto ajue mama yake alikuwa nani. Alikamatwa Oktoba 1943 akateswa, hakutaja. Mjukuu, na huyo naye alikuwa na shimo lake nyuma ya nyumba.

Furaha wa Kadutu:

Jambo kwenu wote. Miye niko wa Bukavu, Kongo, sasa naishi Kanada, Kiswahili changu mtanisamehe ni cha kwetu.

Kwa Nondo: hata pale ambapo wanatuona kama si watu tuligoma. Vita ya pili ya Kongo ilianza kwetu Agosti 1998, mji ukashikwa na waasi wa RCD na jeshi la Rwanda nyuma yao. Askofu wetu mkuu alikuwa Emmanuel Kataliko, alikuja kumrithi Munzihirwa ambaye aliuawa Bukavu palepale tarehe 29 Oktoba 1996. Noeli ya 1999 Kataliko akaandika barua ikasomwa, akasema wazi kwamba wageni wakisaidiana na ndugu zetu wengine wanafanya vita kwa mali ya nchi yetu. Mwisho wa Januari 2000 mji ukafanya "ville morte", mji wafu. Wiki nzima. Soko imefungwa, masomo imefungwa, gari hakuna.

Nilikuwa na miaka 9. Mama alikuwa anauza makala (makaa ya kupikia) pale Kadutu, na sisi tulikuwa tunakula kile alichouza siku ile ile, hakuna akiba. Siku ya kwanza tulikula bugali na sombe (kisamvu) ya jana. Siku ya tatu ilikuwa bugali na chumvi. Mama alipiga deki ndani ya nyumba mara tatu kwa siku kwa sababu mikono yake haikuzoea kukaa. Askari walipita wakipiga mageti wakisema fungueni biashara, naye akasema kwa sauti nzuri kabisa, papa nimegonjwa, kesho nitafungua. Kesho pia amegonjwa. Mtaa mzima tuligonjwa ile wiki.

Katikati ya Februari Kataliko alizuiwa kurudi Bukavu, akapelekwa kukaa Butembo. Watu hawakunyamaza, kila misa ni jina lake. Septemba wakamwachia arudi, batu tulijaa barabarani kumpokea mpaka miguu haina nafasi. Wiki tatu hazijapita, tarehe 4 Oktoba, alikufa Roma. Nakumbuka mama hakulia, alienda kuuza makala.

Bibi yako alisema uongo kwa adui kwa sauti ya adabu. Mama yangu pia. Sisi kwetu haiitwe kibaraka.

Zuhura wa Malmö:

Dada Furaha umenikumbusha kitu. Copenhagen Juni 1944 Wajerumani waliweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa 2 usiku. Wafanyakazi wa karakana kubwa ya meli ya Burmeister & Wain wakaondoka kazini mchana, wakaandika barua ya heshima kwamba hawajagoma hata kidogo, ila kila mtu ana kijibustani chake cha mboga na kwa kuwa usiku haturuhusiwi kutoka inabidi tuwahi kupalilia. Mji mzima ukafuata. Wajerumani wakakata maji, gesi na umeme, watu wakapika kwenye moto barabarani, risasi zikapigwa na kama watu 100 walikufa, lakini siku chache baadaye amri ikalegezwa. Mama yako kugonjwa na wao kupalilia naona ni lugha moja.

Kinyozi255:

Jamani mimi niliyeanza na utani wa mabati naomba radhi rasmi. Nimesoma hii ya makala nikamwambia mteja asubiri.

Mjukuu wa Missenyi:

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote. Jumamosi nilienda nikamsomea bibi kwa sauti, naruka ruka sehemu zingine maana majina ya kizungu yananishinda. Alisikiliza anamenya ndizi.

Kwenye walimu akauliza mshahara walilipwa? Nikamwambia hapana, walichangiwa. Akasema basi walikuwa na watu. Kwenye wavuvi waliotoza hela alicheka mpaka akaweka kisu chini. Ile ya mbwa na leso akataka nirudie mara mbili, akasema wale askari wangekuwa na mbwa ningekwisha.

Nikaona nimuulize kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa nini mabati hawakung'oa. Akasema waliyahitaji kwa sababu mvua zilikuwa zinanyesha na wao ndo walikuwa wanakaa chini yake wanakunywa. Aliogopa siku mvua itakayokatika.

Halafu akaniambia jambo ambalo baba yangu mwenyewe alikuwa halijui. Usiku mmoja yule binti alishikwa na kikohozi shimoni, askari wanne wako barazani. Bibi akaanza kuimba. Nyimbo za kuombolezea, kwa Kihaya, kwa sauti kubwa, wakamuuliza umefiwa na nani, akawaambia ni mimba hii, naona kama mtoto hachezi. Mmoja wao akavua kofia. Akaimba mpaka wakaondoka na sauti ikamkauka siku mbili.

Shangazi, ambaye ndo ile mimba, alikuwa amekaa hapo mlangoni anasikiliza. Yeye ana miaka 40 na kitu na hilo ndo mara ya kwanza analisikia.

Yule binti wa shimoni yupo, ameolewa upande wa Karagwe, tumepata namba yake. Amesema arobaini ya babu mdogo atakuja, na yule mzee mwenye maneno naye atakuwepo.

Nondo Kavu:

Hiyo arobaini naomba mualiko.

Kinyozi255:

Na rubisi iwepo.